Shajara ya karakana: Gita la Selmer kwa mbao za kwetu

2 Machi

Kalibu imekamilika. Nimepanga plaiwudi ya milimita 18 tabaka juu ya tabaka hadi kufikia kimo cha mbavu, yaani kuta za pembeni za gita, kisha tupa na msasa mpaka ukingo mzima ukasimama wima. Umbo sijalibadilisha: upana wa chini sentimita 40 hivi, bega moja limekatwa ili mkono ufike freti za juu (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), tundu la sauti dogo lenye umbo la yai.

Kwa wanaojiunga sasa: najenga magita mawili pacha ya mtindo wa Selmer, yale ya jazi ya Wamanouche, Waroma wa Ufaransa, aina aliyoipiga mpiga gita wao mashuhuri, Django Reinhardt. Aliyeyabuni ni Mario Maccaferri, Mwitaliano aliyezaliwa Cento mwaka 1900, mpiga gita la klasiki na fundi aliyepita mikononi mwa Luigi Mozzani. Kampuni ya Henri Selmer ya Paris, iliyokuwa imejenga jina lake kwa klarineti na saksofoni, ilianza kuyatengeneza mwaka 1932 kwenye kiwanda chake cha Mantes-la-Ville. Maccaferri hakukaa sana. Aliondoka baada ya muda mfupi, Selmer wakaendelea bila yeye hadi 1952, na kwa kipindi chote hicho inakadiriwa hayakufika magita elfu moja. Yeye baadaye alihamia Marekani akatajirika kwa plastiki: vibanio vya nguo, ukulele za plastiki, hata gita la plastiki. Nampenda fundi wa namna hiyo.

Magita ya mwanzo yalikuwa na mdomo, yaani tundu la sauti, mkubwa wenye umbo la herufi D, shingo ikiungana na mwili kwenye freti ya 12, na ndani kisanduku cha kukuza mwangwi ambacho mafundi wengi walikuja kukitoa. Ya baadaye yana mdomo mdogo, freti ya 14, na urefu wa uzi milimita 670, ambao ni mrefu kwa gita. Nimechagua hili la pili. Django alilipiga la namba 503, la mwaka 1940. Mjane wake alilitoa kwa makumbusho, na hadi leo liko Paris kwenye jumba la makumbusho ya muziki.

Kilichonivuta hasa ni namna nyuzi zinavyofanya kazi. Kwenye gita la kawaida daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, limegundishwa usoni, yaani kwenye ubao wa mbele, na nyuzi zinalivuta. Hapa daraja limekaa tu, halina gundi. Nyuzi zinalipita juu na kwenda kufungwa kwenye mkia wa shaba mwishoni mwa mwili, kama mandolini. Uso unakandamizwa muda wote. Nataka kujua kwa mikono yangu sauti ile kali inatoka wapi: mbao, umbo, au huko kukandamizwa.

11 Machi

Nimeshinda Mwenge kwa wachonga vinyago, natafuta mpingo mkavu wenye urefu wa nusu mita bila ufa. Si kazi rahisi, kwa sababu mpingo ulionyooka kiasi hicho haupotei njia ukaishia kwa mteja mdogo kama mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unachonga nini?"

"Gita."

"La mpingo? Utalibebaje?"

Tukacheka, akanitolea kipande kilichokaa chini ya benchi lake miaka, akaniuzia kwa bei ambayo mke wangu sijamtajia.

Watu wa Selmer waliujua mpingo kabla hawajaligusa gita lolote. Klarineti zao, kama za viwanda vingi vikubwa, huchongwa kwa mti huu, na sehemu kubwa ya mpingo wa ala za muziki hutoka Tanzania na Msumbiji. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, wanavijiji wenyewe wakiusimamia mpingo wao. Tangu 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti. Kwa fundi wa hapa maana yake ni moja: tunza risiti na vibali vya mbao zako.

Magita ya Selmer yenyewe mgongo na mbavu ni rozwudi ya India, ndugu wa mpingo. Shingo ni walnati. Sitafuata orodha hiyo. Mpango wangu: shingo ya mkangazi, mgongo na mbavu za mninga, ubao wa vidole wa mpingo, daraja la mpingo. Uso ni sprusi, mti wa jamii ya msonobari, kutoka Ulaya, hapo sina mbadala. Kuna walioniuliza kuhusu podo. Podo nzuri kwa milango na fremu, ila ukizipima kwa uzito uleule haina ukakamavu wa sprusi.

23 Machi

Mgongo wa kwanza umetoka kwenye kibano.

Selmer hawakutumia ubao mmoja mzito kwa mgongo na mbavu, waligundisha venia, yaani tabaka nyembamba za mbao. Nikimwambia fundi mwenzangu hili huwa anakunja uso, kwa sababu hapa mjini neno plaiwudi maana yake ni kabati la bei rahisi. Lakini venia iliyokandamizwa kwenye kalibu inashika mviringo wake bila kusumbua, haipasuki kirahisi, na ni ngumu kiasi cha kuurudishia uso mtetemo badala ya kuumeza. Kwenye gita ambalo uso ndio unaotakiwa kufanya kazi yote, mgongo mgumu ni mali.

Nimepasua mninga kwa msumeno wa mkanda hadi milimita 1 na ushee, nikaupiga msasa, chini yake mkangazi tabaka mbili, la katikati nyuzinyuzi zake zikikatiza. Kibano ni mfuko wa plastiki nzito na kompresa ya friji bovu inayonyonya hewa. Inanguruma kama mgonjwa lakini inanyonya vizuri sana. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Valvu ndogo niliyoweka kwenye bomba ikazuia hewa isirudi, mgongo ukakaa salama.

8 Aprili

Masika imeingia na kazi ya uso imesimama. Kipimo cha unyevu ukutani kinaonyesha asilimia 84.

Jambo hili mafundi wa pwani tunalazimika kulihesabu. Sprusi yenye upana wa sentimita 40 ikihama kutoka unyevu wa asilimia 80 hadi hewa kavu ya asilimia 45, inasinyaa kwa upana karibu milimita 4. Mataruma, vile vijiti vya kuimarisha uso kwa ndani, yaliyogundishwa kuukatiza hayasinyai kwa urefu wake. Ukilifunga gita Dar mwezi wa Aprili, mteja akaenda nalo Dodoma kiangazi, uso hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Kwa hiyo sprusi, mataruma na mimi tumehamia chumba cha nyuma chenye kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa, kipimo kikisoma kati ya 45 na 50. Bili ya umeme ya mwezi huu tusiizungumzie.

20 Aprili

Leo nimepinda uso wa gita la kwanza. Tuliite A.

Wafaransa wanaliita pliage. Nyuma kidogo ya daraja uso unakunjwa kukatiza upana wake, kwa hiyo kutoka hapo kwenda mkiani unateremka. Mandolini ya Napoli ina mkunjo wa namna hiyo, na Maccaferri alitoka kwenye karakana za Italia, kwa hiyo sishangai. Nilichora mstari, nikaulowanisha kwa kitambaa pande zote mbili, nikaulaza juu ya bomba la chuma lenye moto ndani, nikakandamiza taratibu kwa vipande viwili vya mbao. Sprusi ina tabia ya kukuonya: kwanza inakataa, halafu inalegea ghafla, na ukiendelea kusukuma baada ya hapo inavunjika. Ikishalegea unashikilia tu mpaka ikauke. Unene hapo ni milimita 2.3, pembeni nimeshuka hadi 2.

Uso wa gita la pili, B, sitaupinda. Mviringo wake utatoka kwenye mataruma peke yake. Mengine yote yanafanana: ubao wa sprusi umetoka kwenye gogo moja, mgongo uleule, shingo ileile. Ndiyo maana nimejenga mawili.

6 Mei

Mataruma yamekaa. Matano yanakatiza uso, mawili madogo yanapita kwa urefu chini ya miguu ya daraja. Ni mpangilio wa ngazi, wa zamani kabisa, na mafundi wa magita ya kisasa huudharau kwa sababu unaacha uso unyumbuke mno. Hapa unafaa, kwa kuwa hakuna daraja linalovuta.

Gundi ni ya ngozi, ya moto. Faida moja ya joto la Dar ni kwamba gundi hii haigandi kabla hujafunga klampu. Mafundi wa nchi za baridi hupasha moto mbao zao kwanza. Mimi nazima kiyoyozi robo saa, basi.

Taruma lililo karibu na mkunjo wa A limechongwa kufuata pembe yake kwa karatasi ya kaboni na patasi, mpaka mwanga usipite. Kazi ya jioni nzima kwa kijiti kimoja, na hakuna mtu atakayekiona tena.

25 Mei

Shingo mbili za mkangazi, vichwa vya kutoboka katikati, freti sifuri, yaani freti ya ziada mwanzoni mwa shingo, mahali pa kiti cha nyuzi. Freti sifuri naipenda: uzi mtupu unasikika sawa na uzi uliobonyezwa. Nimefunga shingo zote kwa bolti badala ya kugundisha, ili niweze kuzifungua na kubadilisha mwinamo wakati wa majaribio.

Ubao wa vidole wa mpingo umeumaliza ubapa wa randa yangu mara kadhaa. Lakini ukishapigwa msasa laini haudai rangi wala vanishi. Ni mweusi na unateleza, na hautalika na nyuzi za chuma leo wala kesho.

14 Juni

Nyuzi zimefungwa, A na B zote zinapiga.

Seti ni nyepesi, 11 hadi 46, chuma kilichozungushiwa shaba iliyopakwa fedha. Ni nyuzi za aina hii ambazo wapigaji wa mtindo huu huzitaka. Ukifunga za bronzi za gita la kawaida, sauti inakuwa nene na gita linanyamaza nusu.

Jambo la kwanza nililoliona sikulitarajia. Kwa daraja la kimo kilekile, pembe ya nyuzi kutoka daraja kwenda mkia si sawa. Kwenye A uso umeteremka nyuma ya daraja, kwa hiyo mkia uko chini, na nyuzi zinapinda kwa digrii 9 hivi. Kwenye B, bapa, ni kama 6. Ili B ifike 9 nimelazimika kuinua daraja na kuilaza shingo nyuma zaidi.

Hesabu yake ni hii. Seti nzima inavuta karibu kilo 60. Upande wa shingo kuna digrii 3, upande wa mkia 9; ukizitia kwenye sini unapata mkandamizo wa kilo 12 na kitu juu ya uso wenye unene wa milimita 2. Punguza upande wa mkia hadi 5 na mkandamizo unabaki kilo 8. Nimelijaribu hilo kwa kabari nyembamba chini ya mkia pale unapopinda ukingoni: unaichomeka, unapiga, unaichomoa, unapiga tena. Kabari ikiwa ndani, A inaimba kwa muda mrefu zaidi na inapoteza makali, inakaribia gita la kawaida. Kabari ikitoka, noti inaruka mara moja na kuisha mapema. Nilipozidisha mkandamizo kupita kiasi, besi ikapotea na noti za juu zikawa kelele tupu.

Kuisha mapema kunaweza kuonekana ni kasoro. Lakini hebu fikiria Quintette du Hot Club de France, iliyoanza 1934: fidla ya Stéphane Grappelli, besi, magita matatu, hakuna ngoma. Magita mawili kazi yao ni la pompe, ule mdundo wa kukata bila kupumzika ambao unashika nafasi ya ngoma. Amplifaya hakuna. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikiendelea kulia baada ya kukatwa, mdundo unachafuka. Sauti kubwa na fupi ndiyo waliyoihitaji, na gita hili linaitoa.

21 Juni

Siku ya madaraja. Nimechonga matatu ya kimo kimoja kwa ajili ya A, miguu yote ikiwa imesuguliwa juu ya msasa uliolazwa usoni mpaka ikakaa bila mwanya: la mpingo zima, gramu 22; la mpingo lililochimbwa tumbo, gramu 13; la mninga lililochimbwa, gramu 8. Masharubu, vile vipande viwili vya pembeni vinavyoonyesha mahali pa daraja, yamegundishwa tayari na hayabadiliki.

Nilitaka mpingo ushinde. Mti wetu, uliopeleka klarineti za Selmer dunia nzima, ukae katikati ya gita la Selmer: hadithi ilikuwa imejiandika yenyewe.

Daraja zito likalifunga gita mdomo. Sauti ikawa laini, ya duara, nzuri kwa wimbo wa taratibu, na kwa mita tano huisikii. Ni kanuni ileile ya kile kibano ambacho wapiga fidla hubandika kwenye daraja kuipunguza sauti: uzito juu ya daraja unaula mtetemo kabla haujafika usoni. Lililochimbwa lilifungua mlango nusu. La mninga likaniamsha. Kwenye uzi wa kwanza, freti ya 12 kwenda juu, kila noti inapasuka kwa nguvu ambayo A haikuwa nayo kabisa asubuhi.

Nikalirudisha la mpingo, nikaliweka la mninga tena, nikamwita kijana wa karakana ya jirani asikilize akiwa amegeuka ukutani. Alichagua la mninga kila nilipolipiga, na hajui lolote kuhusu mbao.

Kwa hiyo B inabeba adhabu mara mbili. Haina mkunjo, inahitaji daraja refu, daraja refu ni zito zaidi hata likiwa la mninga. Na sasa, wiki moja tu chini ya nyuzi, uso wake umezama mbele ya daraja kiasi cha kuonekana ukiweka rula. A nayo imetulia, lakini kwa kiasi ambacho ni lazima niinamishe kichwa dirishani kuona. Kuiokoa B ningelazimika kuuacha uso wake mnene, na unene ni uzito uleule niliotoka kuutoa kwenye daraja.

Nimeelewa sasa kwa nini nikizisoma sauti za A na B kwa daraja lenye uzito sawa na pembe sawa zinakaribiana sana. Mkunjo hautoi sauti. Unaruhusu uso uwe mwembamba na daraja liwe fupi, na wepesi huo ndio unaolia. Mpingo utabaki kwenye ubao wa vidole, ambako uzito hauna madhara na ugumu una kazi. Daraja ni la mninga.

9 Julai

Polishi ya shelaki kwa kitambaa na spiriti, mviringo juu ya mviringo. Unyevu ukizidi inaingia ukungu mweupe, kwa hiyo nafanya asubuhi ndani ya chumba cha kiyoyozi na milango imefungwa. Mninga umetoka na wekundu wa dhahabu ambao rozwudi haina, naweza kusema hivyo bila upendeleo. Kidogo tu.

Usoni nimepaka nyembamba sana. Baada ya kuhesabu gramu za daraja siwezi kumwaga vanishi kwenye sprusi.

20 Julai

A imepigwa na mtu anayejua. Ni mpiga rizimu wa siku nyingi kwenye bendi ya dansi, mtu aliyezoea gita la umeme na amplifaya nyuma yake. Jazi ya Wamanouche hajawahi kuipiga. Nilimwonyesha la pompe: mapigo ya pili na ya nne yanakatwa kwa kuinua vidole. Akaishika baada ya dakika chache, kisha akaiacha na kurudi kwenye rizimu yake mwenyewe, ile ya kusokota chini ya solo.

Hapo A ilishindwa. Rizimu ya dansi inataka noti zishikane, moja iingie ndani ya nyingine, na hili gita linazikata zote. Tukachomeka kabari chini ya mkia, tukaweka daraja la mpingo la gramu 13. Ikakaa vizuri zaidi. Akaniambia, "Fundi, hili lako la vita, lile la pili la nyumbani." Akimaanisha B, aliyoipenda zaidi.

Sikubishana naye. B ninaifungua: nitaichomoa shingo, niongeze taruma moja mbele ya daraja, niipe kimo cha chini na mkandamizo wa kilo 8, iwe gita la dansi lisilo na umeme. Kwa A, uzito wa mwisho na daraja la mninga, mkia wa shaba na vikaza nyuzi ni kilo 1.7.

3 Agosti

Taruma la B limekaa, gundi inakauka. Kalibu ya pili nimeanza kuikata, ya mdomo mkubwa na freti ya 12, uzi mfupi zaidi. Mkunjo wa uso utakuwepo. Kisanduku cha ndani cha Maccaferri nitakijenga kwa venia ya mkangazi, kwa skrubu, ili nikitoe na kukirudisha nikiwa na nyuzi zilezile. Sprusi mbili zimeshaingia chumba cha nyuma. Kipimo kinasoma 48.